Mvinyo wa Bei Nafuu: Namna ya Kuuonja na Kuyafikia Mashamba ya Zabibu ya Dodoma

Maswali ya wasomaji kuhusu mvinyo hurudi yaleyale: kama chupa ya bei nafuu inaweza kuwa na ladha ya maana, kama mtu asiyejua majina ya Kifaransa anaweza kuupima mvinyo kwa ulimi wake mwenyewe, na kama mashamba ya zabibu ya Dodoma yanaweza kutembelewa na mtu wa kawaida ambaye si mfanyabiashara wala mwanafunzi wa kilimo. Jibu la maswali yote matatu ni ndiyo, ingawa kila moja lina masharti yake, na masharti hayo ndiyo yanayoelezwa hapa.

Mvinyo unaozungumziwa ni kinywaji kinachopatikana pale maji ya zabibu yanapochachuka kwa hamira, yaani sukari ya tunda inapogeuka kuwa kilevi. Kanisani huitwa divai, na mitaani wengi husema waini. Mvinyo wa kawaida wa mezani huwa na kilevi cha asilimia 11 hadi 14, ilhali ule ulioongezewa pombe kali hufika kati ya asilimia 15 na 22. Ushauri huu unawahusu watu wazima waliotimiza miaka 18. Asiyetumia kilevi kwa sababu ya dini au afya anaweza kuruka moja kwa moja hadi sehemu ya mashamba, kwa kuwa zabibu mbichi na juisi yake havina mashaka.

Unafuu wa bei unatoka wapi

Dhana iliyoenea ni kwamba kitu rahisi lazima kiwe na kasoro, na kwa mvinyo dhana hiyo huwapotosha wengi. Chupa iliyotengenezwa Dodoma haikulipiwa nauli ya meli wala ushuru wa forodha, na zabibu zake zilichumwa katika eneo ambalo mzabibu huzaa mara mbili kwa mwaka. Sehemu kubwa ya tofauti ya bei kati yake na chupa ya Ufaransa au Italia inaelezeka kwa mambo hayo kabla hata ya kuigusa ladha.

Hata hivyo, ipo pia mivinyo ya bei ndogo ambayo utamu wake hufunika kila kitu. Jina ambalo wanywaji wengi wa Tanzania hukutana nalo kwanza ni Dompo, mvinyo mtamu wa Dodoma, na aliyeanzia hapo mara nyingi hudhani kwamba mvinyo wote wa Tanzania ni wa aina hiyo. Utamu si aibu, lakini haumfundishi mtu mengi kuhusu zabibu, kwa hiyo anayetaka kujifunza afadhali aanze na mvinyo mkavu, yaani ule ambao karibu sukari yake yote imekwisha kugeuka kilevi.

Kuchagua chupa dukani

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na lawama huenda kwa mtengenezaji ilhali mkosaji ni rafu. Mvinyo huharibiwa na joto na mwanga. Chupa iliyosimama wiki kadhaa kwenye dirisha la duka linalopigwa na jua la saa nane mchana huchemka polepole, na ikifunguliwa nyumbani hutoa ladha ya matunda yaliyopikwa kupita kiasi, au hata ya siki. Malalamiko mengi kwamba mvinyo wa nyumbani ni mbaya yangepungua kama wanunuzi wangeiangalia rafu kabla ya kuangalia bei.

Mnunuzi anashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

- Achague duka lenye wateja wengi, ambako mzigo haukai muda mrefu, na achukue chupa ya nyuma iliyokaa kivulini badala ya ile ya mbele yenye vumbi.
- Aangalie kizibo. Kizibo kilichosukumwa juu hadi kuinua karatasi ya shingo, au shingo yenye michirizi iliyokauka, ni dalili kwamba chupa ilipata joto.
- Asidharau kifuniko cha kuzungusha. Kifuniko hicho kinafaa kabisa kwa mvinyo unaokusudiwa kunywewa mapema, na mivinyo mingi ya bei nafuu ni ya namna hiyo.
- Asome lebo. Maandishi mengi huwa ya Kiingereza, ambapo "dry" humaanisha mkavu na "sweet" humaanisha mtamu. Asilimia ya kilevi nayo huandikwa hapohapo.
- Ahakikishe alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ipo, pamoja na stempu ya kielektroniki ya kodi ambayo ilianza kubandikwa kwenye vinywaji vya kilevi mwaka 2019. Stempu hiyo inaweza kukaguliwa kwa simu kupitia programu ya Hakiki Stempu.

Kwa jaribio la kwanza, chupa tatu zinatosha: nyeupe kavu ya Chenin Blanc, nyekundu kavu ya Makutupora au Syrah, na moja tamu ya kulinganishia. Makutupora ni aina ya zabibu nyekundu iliyopewa jina la mahali panapofanyika utafiti wa zao hilo mkoani Dodoma. Chenin Blanc ina faida nyingine, nayo ni kwamba ndiyo zabibu inayolimwa kwa wingi kuliko zote nchini Afrika Kusini, kwa hiyo mwenye uwezo wa kuongeza chupa ya nne anaweza kuiweka Chenin ya Dodoma kando ya ile ya Afrika Kusini, ambayo nayo haina bei ya kutisha, akaona kwa ulimi wake jinsi ardhi na hali ya hewa zinavyobadilisha tunda lilelile.

Wapo watakaosema kwamba chupa tatu kwa mkupuo si unafuu. Pingamizi hilo lina haki yake kwa anayeonja peke yake, lakini mvinyo hauonjwi vizuri na mtu mmoja. Chupa ya mililita 750 hutoa vionjo 15 vya mililita 50, na watu sita wakichangia chupa tatu, gharama ya kila mmoja ni nusu ya chupa.

Joto la chumba ni la chumba gani?

Vitabu vya Ulaya hushauri kwamba mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, na ushauri huo umewaharibia wengi wa Pwani kinywaji chao. Chumba kilichokusudiwa na waandishi hao ni cha nyumba ya mawe yenye baridi, ambamo kipimajoto husoma nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari hupita nyuzi 30, na katika joto hilo kilevi hupanda puani kwa ukali kiasi kwamba harufu ya tunda haisikiki.

Kwa hiyo mvinyo mwekundu uwekwe kwenye friji kwa muda wa nusu saa hivi kabla ya kufunguliwa. Mweupe ukae saa mbili hadi tatu, lakini usiwe wa barafu, kwa maana baridi kali huua ladha, na aliyezoea kunywa mvinyo mweupe ukiwa na barafu ndani huenda hajawahi kuuonja. Asiye na friji anaweza kutumia ndoo ya maji yenye vipande vya barafu. Dakika 15 zinatosha kwa mweupe, na 5 kwa mwekundu.

Zoezi la vikombe vitatu

Wanaoanza hulalamika kwamba hawana maneno ya kuelezea wanachokisikia mdomoni. Maneno yapo, tena Kiswahili kinayo mazuri kuliko inavyodhaniwa, na yanaweza kujifunzwa kwa vitu vya jikoni kabla ya kufungua chupa yoyote:

1. Kikombe cha kwanza kiwe na maji yaliyokamuliwa ndimu kidogo. Mate yanayochuruzika pembeni mwa ulimi huonyesha *uchachu*, ambao ndio unaoupa mvinyo uhai. Mvinyo usio na uchachu hulala mdomoni kama maji ya sukari.
2. Kikombe cha pili kiwe na chai ya rangi iliyokolea, iliyopoa, isiyo na sukari. Ule ukavu unaoshika fizi na kuukwaruza ulimi ndio *ukakasi*, na kila aliyewahi kula bibo la korosho au ndizi isiyoiva anaufahamu. Ukakasi wa mvinyo mwekundu hutoka kwenye maganda na kokwa za zabibu.
3. Kikombe cha tatu kiwe na maji yenye kijiko kimoja cha sukari. Baadaye sukari hiyo iongezwe kwenye kikombe cha ndimu, na muonjaji atagundua kwamba uchachu umejificha ingawa haukupungua. Hivyo ndivyo mvinyo mtamu unavyoweza kuficha mambo.

Kuonja hatua kwa hatua

Glasi iwe nyeupe isiyo na nakshi, na ikiwezekana iwe imebana kidogo juu ili harufu isitawanyike. Bilauri ya kioo ya kawaida inafaa, kikombe cha plastiki cha rangi hakifai. Imiminwe robo tu. Mivinyo mikavu itangulie mitamu, na mieupe itangulie myekundu, kwa sababu ulimi uliokwisha kupakwa sukari hauwezi tena kuhukumu haki.

Muonjaji aanze kwa kuinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe na kutazama rangi ukingoni. Mvinyo mweupe mchanga huwa na rangi ya majani makavu, na ukielekea kahawia umezeeka au umepigwa na hewa. Kisha aizungushe glasi taratibu, aweke pua, anuse kwa muda mfupi, aondoe, na arudie. Harufu ilinganishwe na vitu vinavyojulikana sokoni: pera, nanasi na asali kwa Chenin, zambarau, ukwaju na pilipili manga kwa nyekundu. Hakuna sababu ya mtu wa Morogoro kutafuta harufu ya tunda la Ulaya ambalo hajawahi kulishika.

Ndipo ajaze funda dogo, alizungushe mdomoni kwa sekunde tano hivi huku akivuta hewa kidogo kupitia meno, na alitemee kwenye ndoo au ameze. Kutema huwaudhi baadhi ya watu kwa kuonekana kama utovu wa adabu, lakini ndiyo desturi ya waonjaji duniani kote, na anayemeza kila funda atakuta chupa ya tatu inamfurahisha kwa sababu zisizohusiana na mvinyo. Mwisho ahesabu muda ambao ladha inabaki baada ya mdomo kuwa mtupu. Mvinyo wa kawaida huondoka mara moja. Unaodumu sekunde kumi na zaidi, kwa bei yoyote, unastahili kuandikwa jina.

Daftari ni muhimu kuliko glasi. Aandike jina, mwaka kama upo, duka, bei, na sentensi moja ya hukumu, kwa kuwa baada ya miezi miwili hakuna anayekumbuka.

Dalili za chupa iliyoharibika, na zinazodhaniwa hivyo

- Harufu ya siki au ya gundi ya kucha: mvinyo umeingiwa na bakteria. Utumike jikoni.
- Harufu ya kadibodi iliyolowa au gunia lenye ukungu: kizibo cha gome kimeuambukiza mvinyo. Chupa ina haki ya kurudishwa dukani.
- Mapovu kwenye mvinyo usiopaswa kuwa nayo: umeanza kuchachuka upya ndani ya chupa.
- Chembechembe kama za chumvi au sira nyekundu chini ya chupa: hakuna madhara. Imiminwe polepole, na chembe zibaki chini.

Kuhusu chakula, kanuni mbili zinatosha. Ukakasi hupenda mafuta, kwa hiyo mwekundu mkavu huenda na nyama choma. Na pilipili huufanya mvinyo mwekundu uwe mchungu na kilevi kiwe cha moto, kwa hiyo samaki wa kupaka mwenye pilipili aungojee mweupe wenye utamu kidogo.

Kwenda shambani: mwezi kwanza, njia baadaye

Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwenye uwanda mkavu ambao hupata mvua za wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nyingi zikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Wamisionari Wakatoliki kutoka Italia walipopanda mizabibu huko katika karne iliyopita, walihitaji divai ya misa, na jina la misheni ya Bihawana bado linahusishwa na mwanzo huo.

Jambo ambalo wageni hawalitambui ni kwamba huko mkasi ndio unaopanga msimu. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuamka wenyewe, kwa hiyo huzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, na mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa, yaani kuyakata matawi yake yabaki mafupi, kisha takriban miezi minne baadaye huchuma. Ndiyo maana mavuno huwa mawili: Februari hadi Machi, na Agosti hadi Septemba. Mavuno ya Agosti hukomaa wakati wa kiangazi, ambapo magonjwa ya ukungu hupungua na sukari hukolea. Anayeweza kwenda mara moja tu achague kipindi hicho.

Kutoka Dar es Salaam, treni ya mwendokasi inayofika Dodoma tangu Julai 2024 imeifanya safari hii kuwa ya saa nne au pungufu. Onyo moja la ramani: Makutupora ya reli hiyo, inayotajwa katika kipande cha Morogoro hadi Makutupora, iko Manyoni mkoani Singida, ilhali Makutupora ya zabibu, penye kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), iko kaskazini mwa Jiji la Dodoma. Anayeyachanganya majina hayo atapoteza siku nzima.

Maeneo yanayostahili kuulizwa ni haya:

- Hombolo, kaskazini-mashariki mwa jiji, penye bwawa, mashamba na kiwanda cha mvinyo.
- Makutupora, kwa anayetaka kuona aina nyingi za zabibu mahali pamoja.
- Mpunguzi na Bihawana, upande wa barabara ya Iringa, penye wakulima wengi wadogo.
- Chinangali II, wilayani Chamwino, penye shamba la pamoja la umwagiliaji.

Kwa wasomaji wa Kenya, mashamba ya karibu zaidi yako upande wa Naivasha, katika Bonde la Ufa, ambako hutengenezwa mvinyo wa Leleshwa.

Asitarajie mtu yeyote kukuta kila mahali ukumbi wa kuonjea wenye viti na wahudumu. Viwanda vingi ni viwanda, na mgeni hupokelewa kwa miadi. Asiyepiga simu siku kadhaa kabla hugeuzwa getini na mlinzi ambaye hana kosa lolote. Shamba la mkulima mdogo hufikika kwa urahisi zaidi kupitia mwenyeji, ofisi ya kijiji au afisa ugani, na mgeni atakayeanza kwa salamu ya Kigogo, *mbukwenyi*, atapata tabasamu kabla ya maelezo.

Kichala kimoja, masomo matatu

Mgeni afike alfajiri, wakati vichala bado ni vya baridi na wachumaji wanafanya kazi kwa mikasi na kreti. Asichume mwenyewe, na asile kabla ya kuuliza dawa ilipulizwa lini, kwa sababu mizabibu hupuliziwa salfa na viuakuvu. Akiruhusiwa, achukue punje moja ya zabibu nyekundu, aioshe, na aile kwa vipande. Maji yake kwanza: ni matamu na, kwa aina nyingi, hayana rangi yoyote, jambo linaloonyesha kwamba wekundu wa mvinyo hutoka kwenye ganda. Ganda lifuate, litafunwe taratibu hadi ule ukakasi wa chai ushike fizi. Mwisho aitazame kokwa. Ikiwa ya kijani, zabibu haijakomaa hata kama ganda limeshaiva. Ikiwa ya kahawia na inavunjika kama karanga iliyokaangwa, wakati wa kuchuma umefika. Dakika mbili hizo zinafundisha kuliko lebo kumi.

Maswali ya kumuuliza mkulima ni mepesi: mizabibu ina miaka mingapi, maji yanatoka wapi, amepogoa lini, na nani atanunua. Swali la mwisho ndilo zito. Zabibu iliyoiva haingoji, na mkulima asiye na mnunuzi hulazimika kuuza kwa bei yoyote au kukamua na kuhifadhi *mchuzi wa zabibu*, kama unavyoitwa huko, yaani mvinyo ghafi usiojazwa kwenye chupa, ili auze baadaye kwa viwanda. Mgeni anaweza kuonjeshwa mchuzi huo, na si vibaya kukubali kijiko kimoja, lakini kununua wa kwenye madumu barabarani, usio na alama ya TBS wala stempu, ni kosa kwa afya na kwa sheria. Zabibu mbichi za kwenye kreti ndizo za kununua kwa mkulima. Mvinyo ununuliwe kiwandani au dukani.

Makosa manne ya safari

- Kuonja na kuendesha gari. Dereva aajiriwe, au asionje.
- Kuacha chupa kwenye buti la gari mchana. Saa chache za jua la Dodoma zinatosha kuziharibu.
- Kupiga picha za wachumaji bila ruhusa, na kuingia shambani kwa viatu vya wazi.
- Kwenda bila kuuliza hali ya msimu. Tarehe za kupogoa hutofautiana kati ya shamba na shamba, na mvua huzisogeza. Atakayefika mwishoni mwa Oktoba kwa matumaini ya vichala atakuta mistari mirefu ya vigogo vilivyokatwa, kwa hiyo simu ipigwe kabla ya kukata tiketi.